Kwenda Mpui Kumfuata Mtu wa Swali

Nilisafiri kwenda Mpui kwa sababu nilimfukuza mtu darasani, na Pasaka ilikuwa karibu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachwa huru, maduka ya Sumbawanga yamejaa tena sabuni na mitumba. Mimi nilikuwa katekista mjini, na elimu yangu ya sekondari ilinipa majivuno kuliko busara. Wakatekumeni wa vijijini walikuja kukaa parokiani majuma ya mwisho kabla ya ubatizo, na mmoja wao alikuwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu Ufipa na ng'ombe wake. Nilipofundisha kwamba Mwana ni Mungu kweli, wa asili moja na Baba, aliuliza, "Mwalimu, baba si hutangulia? Basi kulikuwa na wakati Mwana hayupo." Sikuwa na jibu. Nikasema huo ni uzushi, atoke. Akatoka, na mkewe na watoto wakamfuata, wakarudi kwao Mpui.

Paroko hakunigombeza. Alinipa kitabu cha historia ya Kanisa, akasema, "Soma, halafu umfuate." Humo nilikuta padre wa kale wa Aleksandria aliyefundisha hilo hilo aliloliuliza Masanja. Maaskofu wakakutana Nisea, wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Hata hivyo ubishi haukwisha. Kwa miaka mingi walipelekana uhamishoni, walirudishana, wakaandikiana tena na tena. Wale walitumia maisha yao yote. Mimi nilimpa Masanja dakika moja.

Jumatatu alfajiri niliondoka Mazwi, mtaa wetu pale mjini. Zamani ningesubiri lori la ushirika mpaka nichoke, lakini sasa dereva wa mfanyabiashara ndiye aliyeniita: "Mzee, panda, soda haziumi!" Nilikaa juu ya makreti, nimejifunga blanketi, upepo wa Ufipa ukinipiga usoni. Mashamba ya mahindi na ulezi yalipita huku na huku, mabichi kwa mvua. Nilipotoa nauli dereva alikataa. "Niombee tu breki," alisema. Nilimwombea.

Mpui nilishuka na kumuulizia Masanja. Mama mmoja aliyeuza maharage alitikisa kichwa. "Masanja hatumjui. Labda Baba Limi, yule wa ng'ombe wengi?" Ndiye. Nilishika njia ya matope aliyonionyesha, na jina lile likawa linanizunguka kichwani. Katikati ya njia nilisimama ghafla. Nilikuwa nimepata la kumwambia.

Jioni nilifika bomani kwake. Masanja alikuwa akikamua. Hakuinuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kwa ungo?"

"Marahaba. Ungo uko kwa fundi. Nimekuja na lori la soda."

Mkewe alicheka, akaniletea kigoda. Niliwaomba msamaha wote wawili, kisha nikamuuliza Masanja, "Kabla Limi hajazaliwa uliitwa nani?"

"Masanja tu."

"Mungu hakuwahi kuwa Masanja tu. Ni Baba tangu milele, hakuna siku aliyoanza ubaba. Basi hakuna siku aliyokosa Mwana."

"Kumbe Limi ndiye aliyemzaa mume wangu!" alisema Mama Limi.

Masanja hakucheka. "La wakati nimelielewa. Na asili moja?"

"Fundi akichonga kigoda hiki, kigoda si mtu. Lakini ng'ombe wako huzaa nini?"

"Mwalimu, hata mtoto anajua. Ng'ombe."

"Ndivyo. Mwana hakuchongwa. Amezaliwa."

"Lakini ng'ombe na ndama ni wawili. Mungu unasema ni mmoja."

"Hapo mfano wangu umeisha," nilisema. "Naamini, lakini kukueleza siwezi."

Masanja aliweka chini kibuyu cha maziwa. "Siku ile ungesema hivyo, nisingeondoka."

Nililala kwao. Walinipa maziwa mgando na michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na kitanda chao wenyewe. Sikustahili hata kimoja.

Asubuhi Masanja alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kama atarudi. "Ng'ombe wana kazi nyingi," alijibu. Nilipanda gari peke yangu.

Njiani kurudi nilimshukuru Mungu hata hivyo. Nilikuwa nimejifunza, nikiwa na mvi tayari, kwamba imani niliyoifundisha ilijengwa na watu waliovumilia kuulizwa, na kwamba mimi niliilinda kama mtu anayelinda duka la mwingine.

Jumamosi somo lilikuwa limeshaanza mlango ulipofunguliwa. Aliingia Mama Limi, wakaingia watoto, kisha Masanja, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Kabla hajakaa alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Haya, Baba Limi," nilisema. "Uliza."