Chambo Aliyekua Sebuleni Kwangu

Mimi, Jovinary, nimefundisha biolojia miaka kumi na minane, na sisi Wahaya hatuna kawaida ya kuficha tulichosomea. Kwa hiyo usicheke. Au cheka tu, mke wangu ameshaanza.

Binti yangu Odeta, wa darasa la nne, alikuwa na samaki wekundu sita wa mapambo kwenye tangi la kioo, sebuleni kwetu Kiseke. Siku moja mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nikakuta wanauza kambale wadogo kama kidole, chambo cha kunasia sangara. Nikamhurumia mmoja, nikamnunua na kumtia kwenye tangi la Odeta. Bila kumuuliza mtu, nikaamua kwamba hiyo ni aina ya kambale wafupi, waliozaliwa kuwa chambo. "Huyu haongezeki hata inchi," nikamwambia Odeta. Mtoto huyu anaamini kila neno langu, na hiyo ndiyo raha yangu kubwa ya kuwa baba.

Wiki chache baadaye samaki mmoja mwekundu hakuonekana. Nikasema ni paka wa jirani. Akapotea wa pili. Nikaweka tofali juu ya kifuniko, nikaenda kumgombeza jirani, mama wa watu. Wengine nao wakatoweka. Kambale akafika urefu wa kiganja, nikasema ni maji yamemvimbisha. Jamani!

Kufikia mwaka alikuwa mrefu kama mkono wangu, hana hata pa kugeukia. Rafiki yangu Yakobo, mwenye bwawa la samaki Magu, alikuja kumchukua. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, hawa wanapita mita moja! Chambo ni watoto wao!"

Alipoondoka, nikamwita Odeta. Nikamwambia nilikosea, samaki wake wote sita wameliwa, na mlaji nilimleta mimi. Niliogopa hataniamini tena.

"Wawili tu, baba," akasema. "Nilimwona akimmeza wa pili. Wanne nikawapeleka kwa rafiki yangu Shamsa, wako kwenye karai."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akatazama miguu yake. "Wewe ukisema kitu umesema. Ningekuambiaje?"

Hapo niliumia kweli. Nikamwambia, mwanangu, siku nyingine nibishie.

"Hata mbele ya wanafunzi wako?"

Nikameza mate. Nikasema ndiyo.