Sanduku la Habasha

Shule niliishia darasa la saba, basi pale madrasa ya Koboko, mji wetu wa mpakani karibu na Zaire, nilipewa watoto wadogo na somo la tarikhi, yaani habari za Waislamu wa kale. Watoto walisinzia. Mimi mwenyewe nilisinzia nikisoma, Mungu anisamehe.

Ndipo nikatengeneza sanduku. Boksi la sabuni nililitoboa dirisha, nikagundisha karatasi za daftari kwa uji wa muhogo mpaka zikawa mkanda mrefu, nikaupaka mafuta ya kupikia, nikauviringisha kwenye vijiti viwili vya mwanzi. Nyuma yake, tochi. Betri nilizianika juani asubuhi zipate nguvu. Watu sikuwachora, nilihofia ni haramu; nilichora nyayo zao, mahema, bahari, ngamia. Kwenye kila picha niliuliza swali, na aliyejibu ndiye aliyezungusha kijiti. Tulifunga madirisha, na weh! Watoto wakaanza kufika kabla yangu.

Mzazi mmoja akapeleka neno kwa sheikh wetu: kijana amefungua sinema madrasani. Ijumaa baada ya swala sheikh akaja, akaketi mkekani nyuma kabisa.

"Endelea. Nikiona upuuzi, leo hii boksi iko kuni."

Nikawasha tochi. Somo lilikuwa la Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka kwenda Habasha, nchi ya ng'ambo ya bahari. Ngamia akatokea dirishani.

"Simama," sheikh akasema. "Ngamia gani iko na pembe?"

Sikuwahi kumwona ngamia maishani. Nundu niliitazama kwa ng'ombe wa jirani, na pembe zikaja pamoja nayo. Msichana mmoja mdogo akanitetea: "Sheikh, hiyo ni ya Koboko!" Darasa zima likaangua kicheko. Sheikh hakucheka.

Nikazungusha haraka hadi kwenye nyayo za mfalme wa Habasha, Mkristo. Wakubwa wa Makka wamemletea zawadi ili awarudishe wale wakimbizi. "Sasa nyinyi ndio mfalme. Mtafanya nini?"

"Haturudishi mutu!" wakapiga kelele. Wengi wao walizaliwa ng'ambo ya mpaka, Zaire, wazazi wao walipokimbia vita vya huku kwetu. Yule msichana akasimama, mikono kiunoni: "Kwanza mfalme aulize kama wamekula."

Sheikh akajisogeza mbele mkekani.

"Huyu mtoto amesema kweli," akasema, sauti imeshuka. "Mimi kule Zaire nilipokewa na mutu ya kanisa. Alinipa muhogo kwanza. Jina yangu aliuliza kesho yake."

Akainuka, akakung'uta kanzu. "Boksi inabaki. Pembe, futa."

Nilizikwangua kwa wembe, na kwa furaha niliyokuwa nayo mkono ukazidi, karatasi ikatoboka. Somo lililofuata, mwanga wa tochi ukachomoza kwenye matundu mawili. Watoto wakashangilia: ngamia ana taa kama lori la kutoka mjini Arua! Sheikh alikuwa mlangoni, eti anapita tu. Akavua viatu, akaingia.