Mizani Nane kwa Mjomba

Mto nilionunua juzi una harufu ya pamba mbichi, na harufu hiyo hunirudisha kwenye chumba tulimolala na mavuno tukisubiri mnunuzi. Mama alilala kando ya lundo, akipumua kwa shida. Baba aliniagiza nimwandikie mjomba, kaka yake mama, kule Kasoli: dada yako anaumwa sana, njoo na mkokoteni wako wa ng'ombe tumpeleke hospitali.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha shairi: kila kipande kiwe na mizani nane, yaani silabi nane. Nikajiona mshairi tayari, maradhi ambayo hata chuo kikuu hakikuyaponya. "Mama yangu anaumwa" ilitimia nane. "Njoo na mkokoteni" pia nane. Neno "sana" lilizidi, nikalifuta; hospitali nayo haikupata nafasi.

"Mbona fupi hivi?" baba aliuliza.

"Ni shairi, baba."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mama augue, akampa barua utingo wa lori la kwenda Kasoli.

Wanunuzi binafsi ndiyo kwanza walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini, na mjomba alibaki nyumbani akimngoja mmoja aliyeahidi bei nzuri kwa pamba yake. Alipofika na mkokoteni wake, tulikuwa tumemzika mama jana yake.

"Mwipwa," alisema taratibu, akiikunjua barua, "umeandika anaumwa. Nani haumwi siku hizi?"

Baba, ambaye hakujua kusoma, aliniambia niisome kwa sauti.