Aliyezaliwa Njiani

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Ni mkalimani katika kambi ya wakimbizi nje ya mji wa Kibondo. Mkimbizi akisema Kirundi, ninakirudisha kwa Kiswahili. Afisa akisema Kiswahili, ninakirudisha kwa Kirundi. Sikukisomea. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Nilipoanza kazi tulielekezwa jambo moja: usiongeze, usipunguze. Mtu akitukana, liseme tusi lake kama lilivyo. Akilia, subiri anyamaze, kisha sema alichosema.

Mwaka ule wa uchaguzi wa serikali za mitaa, kambini palikuwa hapakaliki. Mashirika yalikuwa yanapunguza watu, na kila mara tulikuwa tunamuaga mwenzetu mmoja kwa soda na sala fupi. Mkataba wangu ulikuwa unaongezwa vipande vipande, kama mtu anayemega ugali akiogopa utaisha. Na kazi yenyewe ilikuwa imegeuka swali moja tu: kwa nini hutaki kurudi kwenu? Niliwauliza akina mama, niliwauliza wazee, kwa sauti yangu mwenyewe ingawa swali halikuwa langu. Jioni nikiosha vyombo nililisikia bado kichwani.

Katika hali hiyo ndipo mume wangu aliponiambia kwamba watu wa chama chake wanamwomba agombee uenyekiti wa kijiji.

Mume wangu ni mkulima wa maharage na muhogo, na ni mzee wa kanisa. Si msemaji sana. Watu walianza kumtaja baada ya yeye kusuluhisha ugomvi wa mashamba uliokuwa umewashinda viongozi wawili kabla yake. Alikwenda tu, akakaa na pande zote, akawasikiliza hadi wakachoka kugombana. Kwa sifa angefaa. Lakini baba yake alikimbia vita Burundi akiwa kijana, pamoja na mkewe, wakafikia kijiji cha Kumsenga upande huu wa mpaka na kulima huko miaka mingi kabla ya kuhamia kijiji hiki tulipo. Baadaye serikali iliwapa uraia, wao na watoto wao. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema, kwa sababu hapakuwa na sababu ya kulisema.

Nilimwambia, "Baba watoto, ukiwa mkulima wewe ni jirani. Ukigombea utakuwa Mrundi."

Akanijibu kwamba ameombea jambo hilo na moyo wake una amani. Nami nilikuwa nimeomba, na moyo wangu haukuwa na amani hata kidogo. Sikujua Mungu anawezaje kuwapa mume na mke majibu mawili katika nyumba moja. Akachukua fomu.

Haikupita wiki, pingamizi likawekwa. Lilisema kwamba mgombea huyu si raia. Aliyeliweka hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa msimamizi wa ndoa yetu, mwanamume aliyesimama kando ya mume wangu siku tulipofunga ndoa, na ambaye kila Jumapili alikaa benchi la mbele yetu kanisani.

Niliomba ruhusa kazini nikapanda basi kwenda Kasulu kwa mama yangu. Nilimkuta anaanika muhogo. Nilitaka anifariji, lakini mama yangu hana kipaji hicho. Alinikumbusha kwamba nilipochumbiwa, baba zangu wadogo walikaa kikao kizima wakiuliza kwa nini niolewe na mtoto wa mkimbizi wakati vijana wa Kiha wamejaa Kasulu, na yeye peke yake ndiye aliyenitetea. Nikadhani anajuta. Nikamuuliza. Akaendelea kupanga vipande vya muhogo kwenye jamvi, kisha akasema, "Nilikutetea kwa sababu nilimwona anavyomshika baba yake mkono kuvuka barabara. Hilo halijabadilika." Akaniombea pale pale, mikono yake ikiwa na unga, nikarudi Kibondo na hofu yangu yote.

Tuliitwa ofisi ya uchaguzi kuhusu pingamizi lile, na wakataka baba mkwe naye afike. Nilimtayarisha asubuhi, nikamfungia vifungo vya koti kwa sababu vidole vyake havikamati vizuri tena. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Aliugua kwa muda mrefu akapumzika akiwa hospitalini Kabanga, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kueleza safari ile ila mzee huyu.

Baba mkwe anajua Kiswahili. Ananunua, anauza, anasali kwa Kiswahili. Lakini alipokaa mbele ya afisa, Kiswahili chote kilimtoka. Kila alipoulizwa alijibu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyerudishwa ujanani. Afisa alikuwa kijana mpole, mgeni wa huku kwetu, na hakuelewa hata neno. Akauliza nani anaweza kusaidia. Mume wangu hakuruhusiwa kwa kuwa ndiye mwenye shauri. Nikasema mimi ni mkalimani, ndiyo kazi yangu. Akaniuliza mzee huyu ni nani kwangu. Nikasema ni baba mkwe wangu. Alisita, kisha akamwita karani mmoja Muha akae karibu asikilize kama ninatafsiri sawasawa.

Swali la kwanza lilikuwa jina. Mzee alitazama meza. Afisa akaniambia, "Nitajie wewe jina lake kamili."

Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Nimekaa katika familia hii hadi nimepata watoto wakubwa, mmoja anasoma sekondari ya bweni Kasulu, na jina lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu. Hata neno la kawaida linalofanana nalo ninalizunguka. Ninatafuta neno jingine. Niliwaza kumweleza afisa. Kisha nikawaza kwamba atadhani ninaficha kitu. Nikalitamka. Baba mkwe alinigeukia, akanitazama, akainamisha macho.

Maswali yakaendelea. Alitoka kilima gani, alifika lini, nani alimpokea. Nilitafsiri bila taabu. Ndipo afisa alipouliza mtoto huyu alizaliwa wapi.

Mume wangu alikuwa amekaa nyuma yetu ukutani. Maisha yake yote alijua kwamba alizaliwa Kumsenga, na mimi nilijua hivyo, na watoto wetu pia.

Mzee akasema, "Yavukiye mu nzira."

Alizaliwa njiani. Nilimwangalia karani. Alikuwa ameinamia simu yake. Sikujua kama amesikia. Afisa alikuwa ananisubiri, kalamu mkononi. Ningeweza kusema Kumsenga. Lilikuwa neno moja, na ndilo neno ambalo kila mtu alilitarajia. Siwezi kusema kwamba nilishinda jaribu hilo kwa sababu ya imani yangu. Nadhani ni mazoea ya kazi tu yaliyonisukuma, ulimi ukatangulia kabla ya moyo kuamua.

"Anasema alizaliwa njiani."

Nilisikia mume wangu akivuta pumzi. Afisa akauliza njiani upande upi, Burundi au Tanzania. Mzee akaeleza polepole. Walikuwa wanatembea katika kundi la watu. Mvua ilikuwa kubwa. Mkewe alishikwa na uchungu, kundi likawaacha, wakaingia kwenye vichaka. Alimpokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe, yeye aliyekuwa hajawahi kuona mwanamke akijifungua. "Nilikuwa nasikia mto," akasema, "lakini maji yalikuwa kila mahali. Sikujua kama mto uko mbele yangu au nimeshauacha nyuma."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Afisa aliweka kalamu chini, akamtazama mzee kwa muda, kisha akasema tuende nyumbani, tutaitwa.

Tulipotoka, mume wangu alimshika baba yake mkono kama kawaida, tukatembea hadi mahali pa bodaboda. Hapo ndipo alipomuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo.

Mzee alikuwa amekipata Kiswahili chake. "Ungeulizwa ungejibu nini?" akasema. "Asiyejua hadanganyi."

Siku za kungoja jibu zilikuwa mbaya kuliko siku ya ofisini. Nilikuwa naenda kambini, nakaa katikati ya watu wawili, nasema maneno yao, huku nikiwaza: wakimnyang'anya uraia mume wangu, mimi na watoto tutakuwa nini? Nitakaa kiti gani katika chumba hiki? Siku moja mama mmoja aliulizwa lile swali la kwa nini harudi kwao, akajibu kwa kuuliza, "Kwetu ni wapi?" Nilitafsiri kwa Kiswahili, nikaomba nitoke nikanywe maji.

Tulipoitwa tena, jibu lilikuwa fupi. Familia ilishapewa uraia, wazazi na watoto kwa pamoja; mtoto alizaliwa upande upi wa mto haikubadilisha kitu. Pingamizi limetupwa. Mume wangu alishukuru, akapeana mkono na afisa. Mimi nilikaa nikiwa nimeduwaa. Lile neno nililolibeba kama kaa la moto lilikuwa halina uzito wowote kisheria.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, msimamizi wetu wa ndoa alikuja nyumbani. Hakutaka kuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda uani, kofia magotini. Alisema kuna watu waliomfuata, hakuwataja, wakamkumbusha kwamba mama yake mwenyewe alivuka mto ule ule. Wakamwambia: au uweke sahihi, au tuanze kukuuliza wewe. Aliweka sahihi. Alisema yote hayo bila kutuangalia. Mume wangu alimwomba atuombee kabla ya kuondoka. Aliomba. Mume wangu akasema amina. Mimi niliingia jikoni nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Siku ya Meza ya Bwana nilibaki nimekaa. Mchungaji aliliona, akaja kunitembelea. Nilimwambia kwamba kazini siku zote ninasema maneno yasiyo yangu, kwa hiyo kanisani sitaki kusema kwamba nimesamehe kama bado. Hakunikaripia. Alisema basi nikae, ila nisiache kuja. Nikawa ninakuja na kukaa.

Wakati huo jambo jingine lilikuwa limeanza. Baba mkwe, baada ya kulisema lile neno ofisini, hakuweza tena kulinyamazia. Alilisimulia kwa majirani, kwenye gulio, kwa wazee wenzake baada ya ibada: mvua, vichaka, mtoto mikononi, mto usiojulikana uko wapi. Alisimulia kwa machozi na wakati mwingine kwa kicheko. Kampeni zilikuwa zimepamba moto, na upande wa pili haukuhitaji kutunga uongo. Walirudia tu maneno yake. Mnamchagua mtu ambaye baba yake hajui alimzalia katika nchi gani?

Nilimsihi mume wangu amwambie mzee anyamaze, angalau hadi kura zipigwe. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekasirika nami.

"Amekaa nalo peke yake tangu siku niliyozaliwa," akasema. "Mimi siwezi kumnyamazisha ili niwe mwenyekiti."

Akashindwa uchaguzi. Siwezi kujua kama ni kwa sababu ya simulizi ya mzee au kwa sababu nyingine. Watu hupiga kura kwa sababu nyingi. Matokeo yalipobandikwa nilipata nafuu mwilini, kama homa inapoachia, na papo hapo nikaona haya kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale anawapongeza walioshinda. Kesho yake alikwenda shambani mapema kuliko siku zote.

Mambo hayakurudi yalivyokuwa, ila yalitulia kwa namna yake. Mke wa msimamizi wetu alianza kuja kwangu Jumamosi. Mara ya kwanza alileta mkungu wa ndizi, tukaketi tukipukuchua maharage bila maneno mengi. Akaja tena. Hakuna muujiza uliotokea. Jumapili moja tu niliona miguu yangu inasimama pamoja na wengine, nikaenda mezani, na mwanamume yule alikuwa mbele yangu kwenye mstari, shingo yake imezeeka.

Mume wangu na baba yake walikwenda Kumsenga kutafuta vichaka vile. Walizunguka mchana kutwa. Mzee alionyesha mahali pamoja, kisha pengine, kisha akasema labda ni kule. Kote kumelimwa. Walirudi wamechoka na wamefurahi, nami sikuelewa walifurahia nini.

Mimi bado niko kambini, kwa mkataba mfupi kuliko uliotangulia. Watu wanarudi Burundi kwa malori, na mwisho wa kambi ukija nitatafuta kazi nyingine, sijui ipi. Na sasa majirani wameanza tena kumfuata mume wangu jioni jioni, wakikaa naye uani, wakimwambia uchaguzi ujao hautakuwa kama ule. Ameniuliza nasemaje. Nimemwambia anipe muda niombe kwanza. Bado naomba, na sijapata jibu.