Siku Mama Alipokubali Serumu Itolewe

Juzi, ufukoni mwa ziwa, mjini Baraka, niliona familia ikimpakia mzee mgonjwa kwenye mtumbwi wa kwenda rasi ya Ubwari. "Wanamtoa hospitalini akafe," mwanamke mmoja alinong'ona. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni.

Bibi, mzaa mama, alikuwa kitandani hospitalini, maji ya serumu yakimwingia mkononi kwa mrija. Chumba kilinuka dawa na samaki wadogo wa ndagala wa kukaanga walioletewa wagonjwa wengine. Uvimbe ulikuwa umemjaa tumboni, na daktari alikuwa amemweleza kwamba hautapona.

"Mwanangu, mi nimechoka," bibi alimwambia mama. "Muniondolee hii serumu, munirudishe kwangu."

"Bantu batasema nini, mama?"

"Baseme. We unisikilize miye."

Mama akamwita muuguzi. Nilitazama matone yakikoma kwenye mrija. Nilidhani yale maji ndiyo uhai wenyewe wa bibi, na mama ameufunga kama mtu anavyofunga bomba.

Tulipotoka nje, shangazi, dada ya baba, alikuwa akilia kwa sauti uani mwa hospitali. "Anamuua mama yake." Wanawake waliokuwa wakipika wakageuka kututazama. Nikauachia mkono wa mama, nikaenda kusimama karibu na shangazi, ili nisijulikane kuwa ni mtoto wa mama.

Bibi alifia nyumbani kwake, usingizini. Leo najua kilichomuua ni ugonjwa, na mama alimpa alichoomba tu. Lakini baada ya mazishi mama alianza kuketi nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, peke yake. Mimi niliendelea kuketi mbele, na shangazi.