Zuleica Hataki Kuanza Upya

Zuleica alikuwa ameanza shule upya mara nyingi kuliko wenzake wote. Vita vilipofika kijijini kwao, Olumbi, familia yao ilikimbia, na huko walikokimbilia akarudishwa darasa alilokwisha kulimaliza. Waliporudi nyumbani, yakawa yale yale. Sasa alikuwa mwaka wa pili wa fani ya umeme, katika chuo kimoja cha ufundi mjini Palma, na alikuwa amejiapiza: akihamia chuo kikuu Pemba, mji mkuu wa mkoa wao, atahama na miaka yake yote ya masomo.

Walimu wa Pemba walitarajiwa chuoni Alhamisi kuwaona wanaotaka kuhama. Mwenye kazi ya kuonyesha husikilizwa zaidi, ndiyo maana Zuleica akajiunga na klabu ya roboti. Msichana alikuwa yeye peke yake.

Siku ya kwanza alikwenda na msiro usoni, ule weupe wa mti ambao wanawake wa pwani huusugua juu ya jiwe kwa maji na kujipaka. Milton, kijana wa Mueda aliyeongoza klabu, akacheka.

"Mana, dada yangu, huku tunatengeneza roboti. Harusi iko mtaa wa pili."

"Nikiolewa nitakualika ubebe viti. Lete waya hizo."

Roboti yao ilikuwa kigari kidogo kinachofuata mstari mweupe juu ya ubao mweusi. Jumatano, utepe mweupe wa kuchorea mstari ukawaishia, na madukani haukupatikana. Milton akataka waahirishe.

"Tuahirishe nini?" Zuleica akamkatalia. "Nakwenda kuleta msiro. Huo huo mnaoucheka ndio utakaokiongoza kigari chenu."

Alasiri hiyo akausugua mzito, akachora mstari, akakiweka kigari. Kikazunguka ubao mzima bila kukosea. Hata Milton alipiga makofi.

Zuleica alisahau jambo analolijua kila msichana aliyewahi kulala na msiro: ukikauka hupasuka na kumwaga unga kwenye mto wa kulalia. Asubuhi ya Alhamisi, ubao ulipobebwa kwa kuyumbayumba hadi ukumbini walimokaa wageni wa Pemba, unga ukatapakaa kote. Kigari kilikwenda kidogo, kikaona weupe kila upande, kikaanza kujizungusha kama kuku anayefukuzwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Sema umeme umetusumbua," Milton akamnong'oneza.

"Kinatumia betri, Milton!" Kisha akapaza sauti. "Kosa ni langu. Nilikijaribu mstari ukiwa mbichi, sikungoja ukauke."

Doutora Benvinda, mkuu wa wageni, akatazama saa. "Asante. Aje mwingine."

"Sijamaliza, mama doutora."

Zuleica alikwisha kupiga magoti. Alifuta unga kwa kitambaa kibichi, akaulowesha mstari kwa kidole, akakiwasha kigari. Kikapita kona ya kwanza, kikakwama ya pili. Akafuta pale, akakirudisha.

"Kikikwama tena?" doutora akauliza.

"Nitakirudisha tena."

Hakikukwama. Kilizunguka ubao mpaka kikafika kilipoanzia, na safari hii waliocheka ndio waliopiga vigelegele.

Doutora Benvinda akatabasamu. "Vizuri, binti. Tutakupokea Pemba. Utaanza mwaka wa kwanza, kama wote wanaotoka vyuo vya ufundi."

Mama yake Zuleica, Bi Hafsa, aliyekaa nyuma, akainua mikono kushukuru. Zuleica hakushukuru.

"Hapana, mama doutora. Mwaka wa kwanza nimeusoma, nikaufaulu. Nimerudishwa nyuma na vita, na vita havikuniuliza. Nyinyi niulizeni. Niulizeni yote ya mwaka wa kwanza, hapa hapa."

"We Zuleica!" Bi Hafsa akashtuka. "Umepewa mkono, unataka na bega?"

"Nataka changu tu, mama."

Doutora akavuta kiti mpaka mbele ya ubao wa chaki uliokuwa ukutani, akaketi.

"Ukishindwa, unaanza mwaka wa kwanza na sitaki kusikia neno."

"Sawa. Na nikiweza?"

"Shika chaki."

Zuleica akaifuta mikono yake kwenye kapulana aliyojifunga kiunoni, akaenda ubaoni.