Mahali Hapakutajwa

Tk.

Kalamu ya daktari ilipofungwa ililia hivyo, mara moja tu, kama ukucha unaokatwa. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, ameshika mkoba na shali. Daktari aliandika mstari mmoja kwenye faili, akabonyeza kalamu kwa kidole gumba, akaichomeka mfukoni, na kabla mama hajamaliza kufunga vifungo vya kola, akaita, "Mwingine!"

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, na mtaani kwao hapakuwa na shingo ambayo futi yake haijaizunguka. Ya kwake mwenyewe aliificha ndani ya kola ndefu aliyojishonea, kwa kuwa palikuwa na uvimbe pale, mdogo kama punje ya hindi, na hakupenda watu wauone. Kilichompeleka hospitali kilikuwa mgongo. Walimtoa kipande cha mfupa, kikapelekwa maabara. Walipokwenda kuuliza majibu, siku ile ya kalamu, daktari alisema ni saratani, imeshatapakaa, haijulikani ilikoanzia. Apewe dawa za maumivu, apumzike. Mama akapumzika miezi saba kitandani. Kisha akapumzika moja kwa moja.

Miaka miwili baadaye binti yule alipata kazi ya ukarani katika hospitali ile ile, chumba cha mafaili, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo hata nzi huingia kwa kupotea njia. Rafu za chuma, feni moja inayozunguka kwa kulalamika, meza yenye mguu uliowekewa kipande cha kadibodi. Kazi yake ilikuwa kusoma kila faili la mgonjwa aliyetoka, kwa miguu au kwa machela, na kuugeuza ugonjwa wake kuwa msimbo: herufi na tarakimu kutoka kitabu kinene, ili wakubwa huko juu wajue watu wanaumwa nini na wanakufa kwa nini.

Saratani isiyo na mahali ilikuwa na milango miwili katika kitabu hicho. C80.0 ni ya daktari aliyetafuta, akapima, akakosa, akaandika kwamba amekosa. C80.9 ni ya daktari ambaye hakutaja. Mwalimu aliyewafundisha kazi alikuwa na kauli yake: "Ya kwanza ni mpaka wa dawa. Ya pili ni uvivu wa mtu."

Na palikuwa na sheria moja iliyokaza kuliko zote. Karani habahatishi. Hata kama jibu la maabara limelala mbele ya macho yake, haruhusiwi kuandika mahali ambapo daktari hajapaandika. Anachoweza ni kujaza karatasi ya njano, "Tafadhali taja mahali," na kuirudisha kwa daktari aliyetia saini. Daktari huyo, si mwingine, anajibu kwa mkono wake. Wiki mbili zikipita kimya, inaingia C80.9, na karatasi ya njano inabaki ndani ya faili, wazi, kama mdomo.

Wiki yake ya kwanza kazini alilitoa faili la mama yake, lililokwisha kuandikwa C80.9.

Jibu lilikuwemo. Lilikuwa nyuma ya chati ya dawa, limekunjwa mara mbili, halijafunguliwa tangu likunjwe. Chembe za saratani zilizokutwa mfupani zilitoka kwenye tezi ya shingo. Mhuri wa kupokelewa ulikuwa wa siku tisa kabla ya ile siku ya tk. Alimtafuta daktari mmoja wa upasuaji, akamwuliza kama anauliza habari za mtu baki. "Hiyo?" alisema yule. "Kati ya mabaya yote, hiyo ndiyo yenye huruma. Hata ikishafika mfupani, wengi tunawatibu wakaishi miaka."

Hakulia. Alirudi mezani, akachukua karatasi ya njano, akaandika kwa herufi safi: Tafadhali taja mahali. Akaipeleka juu. Ikarudi na alama ya kikombe cha chai, bila neno.

Mwaka uliofuata, tarehe ile ile aliyomzika mama, aliandika nyingine. Na mwaka uliofuata. Na kwa kuwa chuki nayo ni kazi, tena kazi isiyo na likizo, alianza kulisoma kila faili lenye saini ya daktari yule mpaka ukurasa wa mwisho. Wagonjwa wake walimwita Dakika Mbili, maana huo ndio muda aliompa kila mtu, awe na mafua au na mauti. Madaktari nao wakampa karani jina: Bi Njano. "Jamani, Bi Njano anakuja, ficheni kalamu!" walicheka kwenye korido. Alicheka nao. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini hucheka.

Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiishi naye, alimchoka. "Dada, wenzako wakilipiza kisasi hushika panga. Wewe umeshika karatasi. Huyo baba atakufa kwa uzee akidhani unamtumia kadi za salamu."

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini?"

"Atataka kuondoka siku moja. Na anayeondoka anapita mlangoni."

Mlango wenyewe ulikuwa fomu. Kila mtumishi anayestaafu lazima aizungushe idara zote ipigwe mihuri: stoo, maktaba, kufulia, nyumba za watumishi, chumba cha mafaili. Bila mihuri yote hapati barua yake. Watu waliichukulia kama utani. Mihuri ilipigwa huku watu wanaulizana habari za watoto. Lakini Bi Njano alikuwa amekisoma kile kisanduku cha idara yao kwenye fomu, maandishi madogo chini ya mstari: Hana faili wala swali lililobaki wazi. Amekisoma miaka kumi na minane.

Ijumaa ile Dakika Mbili anaagwa, viti vilipita dirishani tangu asubuhi kwenda ukumbini. Saa tatu, Mzee Troli, ambaye husukuma mafaili kutoka wodini, aliingia na fomu.

"Bosi anasema upige mhuri haraka. Sherehe saa nne."

Aliisoma fomu, akaibandika karatasi ya njano juu yake, akamrudishia. "Mwambie aje mwenyewe."

Mzee Troli aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Mama wee. Leo?"

"Leo."

Daktari alishuka na suti, ua limechomekwa kifuani. "Bibie, mhuri. Watu wananisubiri."

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mhuri."

"Karibu ukae." Alimwonyesha stuli isiyo na mgongo. Mbele yake, juu ya meza, mafaili yalipangwa kwa mirundo mitatu. "Sitini na tatu. Kila moja lina swali langu ambalo halijajibiwa. Kwa kasi yako ya dakika mbili, utamaliza kwa muda wa saa mbili na dakika sita."

Daktari alicheka, akaona anacheka peke yake, akachukua simu ya mezani na kumpigia katibu wa hospitali. Bi Njano aliisikia sauti ya katibu ikitoka kwenye mkono wa simu, nyembamba, yenye adabu: "Daktari, ni kweli ipo kanuni hiyo. Tena wewe ndiye uliyeipitisha, ulipokuwa mwenyekiti wa kamati. Saini yako iko pale chini."

Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Alikaa kwenye stuli kama mtu aliyekalishwa na polisi, akachomoa kalamu, na kuanza kwa hasira, akiandika bila kufungua. Bi Njano akazuia faili la tatu kwa kiganja.

"Hapo umeandika ini. Jibu la maabara linasema tumbo. Fungua, Daktari. Kuna kurasa ndani."

Akafungua. Tumbo. Akafungua lingine. Mlango wa kizazi. Lingine, pafu. Mengine hayakuwa na jibu lolote, na hayo aliyaandikia kwamba hapakupimwa, na kalamu ikawa nzito kwenye neno hilo. Kutoka ukumbini walisikia mtu akijaribu kipaza sauti, halo, halo, kisha muziki. Bi Njano alijimiminia maji akanywa polepole. Hakumkaribisha. Alikuwa ameipigia picha kichwani saa hii usiku mwingi na katika picha zote mtu huyu alikuwa na kiu.

Metroni alishuka na kilemba cha sherehe. "Daktari, wageni wamekaa! Bi Njano, jamani, mwachie mtu siku yake."

"Nani kamshika? Mlango uko wazi. Kilichofungwa ni fomu."

Metroni alitazama mirundo, akaona majina, akatambua baadhi. Akageuka, akapanda ngazi.

Kufika faili la arobaini, daktari alikuwa amelegeza tai. "Hili nalo jibu lilikuwemo," alisema.

"Naam."

"Na lile."

"Naam."

"Mbona hamkuniambia?"

Bi Njano aliinua kidevu kuelekea karatasi nne za njano zilizoshikiliwa na pini ndani ya faili lile. "Tulikuambia. Hata rangi tulikuchagulia."

Daktari akavuta faili lingine. Juu makofi yalilia, yakakoma, yakalia tena yakiwa machache. Mtu alitoa hotuba kumhusu mtu asiyekuwepo.

Faili la mwisho lilikuwa la kahawia, limefungwa kwa uzi wa cherehani. Daktari alilipima mkononi. "Hili mbona limenona?"

"Limekula karatasi kumi na nane."

Akalifungua, akapekua, akatikisa kichwa. "Simkumbuki mgonjwa huyu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Katika usiku ule mwingi alimwona kichwani akikana, akifoka, akilia. Hakuwahi kuwaza kwamba mama yake hatakuwamo kabisa ndani ya kichwa kile.

"Sikuulizi unakumbuka nini," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Kukumbuka ni kazi yangu. Nyuma ya chati ya dawa. Kunjua. Soma."

Daktari alikunjua. "Tezi ya shingo."

"Sijasikia."

"Tezi ya shingo!"

"Limepokelewa lini?"

Akaisoma tarehe.

"Na wewe ulimwona lini, ukamwambia haijulikani?"

Akatafuta mstari wake mwenyewe, ule mmoja. Midomo ilihesabu bila sauti. "Siku tisa baadaye," alisema. Kisha akasoma jina juu ya jalada, akainua macho mpaka kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwa karani, akarudi kwenye jalada. "Mama yako?"

"Andika kwanza."

Aliandika. Herufi zake, ambazo wauza dawa walizoea kuzikisia, safari hii zilisomeka. Kidole gumba kikapanda juu ya kalamu.

"Usiifunge!"

Alishtuka, kidole hewani.

"Saini bado. Na tarehe. Weka ya leo, si ya siku ile. Nataka kila atakayelifungua ahesabu."

Alitia saini. Aliweka tarehe. Kalamu ikabaki wazi mkononi, kama hajui tena inavyofungwa. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Kitabu hiki kina misimbo maelfu, Daktari. Upo hata wa mtu aliyeng'atwa na panya. Wa kusamehe nimeutafuta, sijauona."

Akapiga mhuri kwenye fomu, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji mhuri, akamsukumia. Daktari alisimama kwa shida, magoti yamekaza kwa stuli, akaondoka. Ua lilikuwa limedondoka chini ya meza. Hakuna aliyeliokota.

Muda mfupi baadaye viti vilianza kupita dirishani tena, safari hii kurudi. Mzee Troli aliingia na kipande cha keki kwenye karatasi. "Amefika wamebaki wafagiaji na mimi," alisema. "Kaikata keki tumesimama naye watatu. Haya, umeridhika sasa?"

"Hata kidogo."

"Ah! Baada ya yote hayo?"

"Ningeridhika angemkumbuka." Alipokea keki, akaiweka kando. "Lakini yeye sasa hatanisahau. Inatosha kwa leo. Niache nimalize kazi, mzee wangu."

Mzee Troli alitoka, akauvuta mlango.

Alichukua rula na kalamu nyekundu. Akakata C80.9 kwa mstari mmoja ulionyooka, kama mama alivyokuwa akipiga chaki kwenye kitambaa, na juu yake akaandika C73. Huo, wa tezi ya shingo, ulikuwa msimbo mfupi, hauna hata nukta. Akafunga faili, akalizungushia uzi, akafunga fundo, na vidole vikabaki pale kwenye fundo, penye usawa wa kifungo cha juu cha kola. Aliinama mpaka midomo ikakaribia jalada, na ile sauti iliyokuwa imemtetemesha mtu mzima asubuhi nzima ilishuka mpaka feni ikawa na kelele kuliko yeye.

"Shingoni, mama," alisema. "Ilianzia shingoni."